Jeshi moja, vita mbili: na njia ya Kalemie?

Tarehe 4 Desemba 2025, huko Washington, marais wawili, wa kwetu na wa Rwanda, walitia sahihi. Tarehe 10, M23 wakaingia Uvira. Magharibi ile, hapa kwetu Kolwezi, kwenye kituo cha basi za watu wa posti ya usiku, hakuna mutu aliyetaja Washington. Watu walikuwa na simu mukononi, wanapima njia: Uvira, Baraka, Fizi, Kalemie. Na Kalemie, hata kama leo iko jimbo la Tanganyika, kwa wazee wetu ingali Katanga. Mutu mumoja akauliza, kwa sauti ya chini sawa vile mutu anauliza habari za mugonjwa: "Kama banafika Kalemie, nani atabafunga njia?"

Siku chache nyuma ya hapo M23 walitangaza kwamba wanatoka Uvira, juu Wamarekani walikasirika. Masemi ya kituo cha basi yakarudia bei ya unga na mambo ya cobalt. Lakini lile swali halikujibiwa, lilinyamaza tu. Sisi tunalichukua tena, juu tunaona kwamba linatuhusu kuliko vile wakubwa wa Kinshasa wanafikiri. Watoto wetu wako ndani ya lile jeshi. Pesa ya lile jeshi, sehemu yake kubwa, inatoka kwenye udongo tunaochimba: kwa kila cobalt inayouzwa inje, tangu kodi ya madini ya 2018, serikali inakata 10 kwa mia. Mwenye kutoa jasho na mutoto ana haki ya kuuliza vinafanya nini.

Swali lenyewe ni hili: jeshi letu limetayarishwa kwa vita gani? Juu vita iko aina mbili, na haipiganwi na mikono ileile.

Mutu wa mugodi anaelewa hii mambo mbio. Karieri ya wazi inafanywa na mashini kubwa: unaondoa udongo wa juu, unachonga ngazi, makamyo yanapita moja nyuma ya ingine, kila mutu anajua saa yake na pahali pake. Kazi ya chini ya udongo iko ingine kabisa. Unatembea na taa yako, unasikiliza paa, unapiga kidogo unangoja, unajua kwa sauti kila mutu aliye nyuma yako. Mwenye alifanya miaka 10 juu ya mashini kubwa hawezi kushuka asubui moja chini ya udongo na kusema anajua kazi. Na yule wa chini, ukimupandisha juu ya kamyo ya tani 100, ataua watu. Wote wawili ni wachimbaji, kampuni inayowalipa ni moja. Lakini hakuna mukubwa wa kazi mwenye akili anayewabadilisha kila mwezi, leo huyu chini, kesho juu. Jeshi letu njo vile linafanya.

Vita ya kwanza ni ya mustari. Adui anakuja na vikosi vyake, na mizinga, na redio. Anataka muji, anataka uwanja wa ndege, anataka mupaka. Unamungoja ndani ya mitaro, nyuma yako kuna mustari wa pili, kuna mizinga yako, kuna chakula na munganga. Ukikimbia wewe, wa kuume na wa kushoto wako wanabaki uchi. Vita ya pili ni ya pori. Adui hana muji, na hautaki. Anakuja usiku na panga, anaua watu mashambani, anachoma nyumba, asubui hayuko. Anaishi kati ya watu, kwa woga wao ao kwa biashara yao. Huyo, droni haitamuona. Anaonwa na mama anayeenda kuchota maji, na mama huyo atasema tu kama anajua kwamba askari hatamunyanganya mbuzi wake kesho.

Sisi wa Kolwezi tuliziona zote mbili ndani ya miezi 14. Vijana hawajui, na mu masomo hawafundishwi vizuri, basi tukumbushe. Tarehe 8 Machi 1977, watu wa FNLC, ambao wazee wanawaita mpaka leo Katangais, walivuka toka Angola. Walifuata njia ya gari la moshi: Dilolo, Kisenge, kisha Mutshatsha mwisho wa mwezi ule. Ilikuwa vita ya mustari, unaweza kuiona ikija juu ya karte. Jeshi la Mobutu lilirudi nyuma, likarudi nyuma, mpaka Wafaransa wakaleta kwa ndege askari 1,500 wa Maroko. Mwisho wa Mei Dilolo ikarudishwa, Kinshasa ikapiga ngoma. Kila mutu akatazama upande wa Angola, upande wa rele, kungoja kama watarudia njia ileile.

Hawakurudia njia ileile. Mwaka wa 1978 walipita Zambia, polepole, vikundi vidogovidogo, na siku ya Posho tarehe 13 Mei Kolwezi iliamuka na risasi ndani ya mitaa. Askari wa divizio Kamanyola, ile ya kupendeza, ile Wakorea wa Kaskazini waliifundisha kupiga hatua, wengi walitupa manguo ya jeshi. Ilibidi wanajeshi wa kigeni wa Ufaransa waruke na miavuli tarehe 19, Wabelgi nyuma yao. Mamia ya watu walikufa, weusi na weupe, na wengine walizikwa bila jina. Adui alikuwa mumoja mwaka huu na mwaka ule. Alibadilisha tu namna ya kuja, na jeshi lilikuwa linangoja namna ya zamani.

Sasa tuje kwa hili la leo. FARDC ilizaliwa 2003 kwa kuunganisha watu waliokuwa wanapigana: wa serikali, wa MLC, wa RCD, Mai-Mai. Waliitia brassage, nyuma mixage, na mu 2009 wakaingiza CNDP karibu nzima na makamanda wake. Kazi waliyopewa kwa miaka yote ilikuwa ya pori: kufuata FDLR, kufuata ADF, kufuata vikundi vya Kivu na Ituri ambavyo hata wataalamu wanachoka kuhesabu. Silaha nyepesi, batayo zimetawanyika, askari na bibi na watoto na kuku kwenye kilima kimoja. Jeshi la namna ile haliwezi kusimama mustarini, na tarehe 20 Novemba 2012 Goma ilianguka.

Watu wanasahau kwamba jambo lilibadilika mwaka uliofuata. Wabelgi walikuwa wamefundisha batayo za mbio huko Kindu. Umoja wa Mataifa ulileta brigade ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kolonele Mamadou Ndala alisimama mbele na watu wake wa commando, chakula kilifika, watu wa Goma walibeba maji mpaka mustarini. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 wakasema vita yao imekwisha. Tunasema hivi kwa wale wanaopenda kusema "basoda ba Kongo habawezi". Waliweza. Miezi miwili haikupita, Mamadou Ndala alitumwa Beni, kwa vita ile ingine, na tarehe 2 Januari 2014 aliuawa njiani. Korti ya kijeshi ilimuhukumu luteni-kolonele wa jeshi letu wenyewe.

Na kufundishwa peke yake hakutoshi, hapo tusijidanganye. Batayo ya 391 ilifundishwa na Wamarekani huko Kisangani. Wakati Goma ilianguka 2012, na askari wakakimbilia Minova, Umoja wa Mataifa uliitaja batayo ile kati ya zile zilizobaka wanawake wa pale. Mwalimu mwema, silaha nzuri, na chini yake njaa na bila bwana: utapata hiyo.

Nyuma ya 2013 wakubwa waliona kwamba vita ya mustari imekwisha. Nguvu yote ikarudi pori: operesheni Sukola, kisha tarehe 6 Mei 2021 utawala wa kijeshi juu ya Ituri na Kivu ya Kaskazini, kisha tarehe 30 Novemba 2021 operesheni Shujaa pamoja na jeshi la Uganda. Na mwezi uleule wa Novemba, wakati macho yalikuwa Beni, M23 wakatokea tena kwenye vilima vya Rutshuru. Mwaka uliofuata, 13 Juni, walikamata Bunagana. Hawakuja kama watu wa pori. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mu Julai 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa pamoja nao, na mizinga, na makombora ya kuangusha ndege. Kolwezi 1978, lakini kichwa chini: safari hii jeshi lilikuwa linatazama pori, na adui akaja kwa mustari.

Basi wakageuka tena, mbio, sawa vile mutu anageuka usingizini. Sheria ya kupanga jeshi ya 2022 iliweka karibu dola miliari 3,5 kwa miaka minne. Walinunua droni za Kichina, walitengeneza ndege za Sukhoi, walileta Waromania wa kulipwa, Waburundi, askari wa SADC. Tarehe 3 Novemba 2022 rais aliita vijana, na hapa kwetu wengi waliitika. Tuliwaona wakipanda gari kwenda Kamina, mama zao wanawapa mikate ndani ya saketi. Na vikundi vya silaha vya Kivu, vilevile jeshi lilikuwa linafukuza jana, vilipewa jina Wazalendo na kuambiwa mushike mustari.

Tarehe 27 Januari 2025 Goma ikaanguka mara ya pili. Waromania karibu 300 walivuka mupaka kwenda Gisenyi mikono juu, na Kigali ikawaweka kwenye ndege kurudi kwao. Tarehe 14 Februari uwanja wa Kavumu, ambako zile droni zilikuwa zinaruka, ukakamatwa, na Bukavu nyuma yake. Ndege zilikuwepo. Kilichokosekana kiko kitu kisicho na bei kwenye duka la silaha: askari wa miguu elfu chache wanaojuana, waliokaa pamoja miaka, wenye kamanda mumoja ambaye hawatamukimbia naye hatawakimbia. Mustari ule ulikuwa na wakubwa watano sita, kila mumoja na luga yake na redio yake. Hata shimo la mita 20 halichimbwi vile.

Na pori, wakati ule, lilifanya nini? Lilijaa. Askari waliotolewa kule kwenda kulinda Goma waliacha vijiji, na ADF walisogea magharibi, Lubero, Mambasa. Tarehe 27 Julai 2025 huko Komanda waliua watu zaidi ya 40 waliokuwa wanakesha ndani ya kanisa katolika. Mu Septemba, huko Ntoyo, teritware ya Lubero, waliingia kwenye kilio, watu wamekaa na maiti, wakaua zaidi ya 60. Hizo si vita mbali na vita. Ni deni la uamuzi mumoja: unapomutoa askari hapa kumupeleka pale, andika kwenye kitabu nani atalipa.

Kuna wenye wanasema, na tunawaheshimu, kwamba inchi maskini haiwezi kulipa majeshi mawili; ichague moja. Wengine wanachagua ndege na vifaru, juu adui mukubwa ni Rwanda na haya ya pori yatakwisha yenyewe nyuma ya hapo. Wengine wanachagua pori, juu mukataba umetiwa sahihi Washington. Sisi tunasema: tayari tunalipa zaidi ya mawili. Tumelipa Waromania, tumeita Waburundi, tumewapa Waganda sehemu ya Ituri na Beni kupigana pahali petu, na Wazalendo wanajilipa wenyewe kwenye barabara kwa kukata kila mwenye kupita. Pesa ya kuchagua ingekuwepo kama isingetoka kwenye matundu kumi.

Tunavyoona sisi, kukata jeshi nusu kwa nusu si dawa. Vita ya mustari inaomba brigade chache, pengine chache sana kuliko zile zinazoandikwa kwenye karatasi, lakini zisiguswe: zikae pamoja, zifanye mazoezi na mizinga yao, zisitumwe kufukuza wezi wa mbuzi. Sehemu kubwa ya pesa mupya iende kule. Vita ya pori, yenyewe, haiombi pesa nyingi. Inaomba wakati, na inaomba maofisa wazuri. Na hapo tunapingana na desturi ya jeshi, juu desturi ni kutuma pori ofisa aliyeshindwa ao aliyegombana na mukubwa. Kamanda wa Lubero ao wa Djugu angepaswa kubaki miaka minne, mitano, ajue luga, ajue chefu wa kila groupement, ajue nani aliuza chumvi kwa ADF na juu gani. Akibadilishwa kila miezi sita, kila mara mama wa maji anaanza kunyamaza upya.

Wazalendo hatuwatukani. Wengi wamekufa wakilinda vijiji vyao wakati jeshi lilikuwa limekwenda, na mpaka leo wanawasumbua M23 usiku kwenye vilima vya Masisi. Kwa kazi ile wanafaa, wanajua njia. Lakini kuwaweka mitaroni mbele ya mizinga ni kuwaua bure, na kuwaacha bila karatasi, bila hesabu ya bunduki zao, ni kujitayarishia vita ya pori ya miaka 20 ijayo. Sheria ya akiba ya jeshi ilitoka 2023. Wahesabiwe basi.

Sasa tuje nyumbani, juu ni hapa tunaweza kusema tuliyoyaona kwa macho. Ukitaka kujua askari wako wapi, usiende mustarini tu. Zunguka Kolwezi, Likasi, Kambove. Utawakuta kwenye mulango wa karieri, kwenye kizuizi, nyuma ya lori la minerai. Wengine wametumwa na amri, wengine hakuna anayejua walitumwa na nani. Mu Juni 2019, nyuma ya wachimbaji 43 kufa huko KOV, serikali ilituma jeshi kutoa watu kwenye concessions. Walisema ni kwa muda mufupi. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, Mulondo, daraja lilianguka juu ya watu waliokuwa wanakimbia. Wakubwa wa jimbo walihesabu kufa 32. SAEMAPE, ambayo kazi yake ni kusimamia uchimbaji mudogo, iliandika kwamba mulio wa risasi za askari waliokuwa pale njo ulianzisha mbio zile.

Askari huyo wa Kalando anapigana vita gani? Haiko ya mustari. Haiko ya pori. Na iko mubaya kwa zote mbili. Askari aliyezoea kula kwa mulango wa karieri hatakubali kwenda kulala mutaroni Kalemie kwa mushahara uliokuwa karibu dola 100 kwa mwezi. Serikali ilitangaza mu Machi 2025 kwamba itauongeza mara mbili, na tulifurahi. Lakini mulango wa karieri unalipa kuliko mara mbili. Na mutu wa mitaa aliyefukuzwa na risasi ya askari mu Novemba hatamuambia askari huyohuyo mu Februari kwamba ameona wageni na bunduki wamepita usiku.

Na wageni wanapita, usifikiri Katanga iko salama juu ya umbali. Tarehe 23 Machi 2013 Bakata Katanga waliingia Lubumbashi kwa miguu mpaka katikati ya muji. Tarehe 14 Februari 2021 wengine walishambulia makambi ya jeshi Lubumbashi hiyohiyo, wamevaa dawa. Kati ya Pweto, Mitwaba na Manono, watu wangali wanaiita pembe tatu ya kifo na hawachezi. Kama kesho jenerali mumoja Kinshasa atafungua karte, aone Kalemie iko wazi, atoe batayo za Mitwaba na kuzisukuma ziwani, atafunga mulango mumoja kwa kufungua mwingine, na wenye watakuwa kwenye mulango wa pili ni sisi. Basi atoe wapi? Atoe kwanza kwenye karieri. Kulinda concession ni kazi ya polisi wa migodi na walinzi wa kampuni. Wanalipwa kwa ile.

Tuliona pia nini inapatikana kwa mugodi wakati mustari unavunjika. Rubaya ilikamatwa mwisho wa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu tani 120 za coltan kwa mwezi zinazokwenda Rwanda; mwenye kuchimba pale ni yuleyule, shimo ni lilelile, aliyebadilika ni mwenye kukata kodi. Bisie, Walikale, ile ya bati, haikungoja hata adui afike: tarehe 13 Machi 2025 kazi ilisimamishwa, wafanyakazi wakarudishwa makwao, na siku sita nyuma M23 wakaingia Walikale-centre. Kazi ilianza tena polepole Aprili, walipotoka. Wenzetu wa pale wanajua hesabu ya wiki zile nyumbani. Sisi tulipimwa kidogo tu mwaka uleule, tangu 22 Februari mpaka 15 Oktoba, wakati cobalt ilifungwa kutoka inje, na kila mama hapa anakumbuka sahani ilivyokuwa.

Kuna jambo la mushahara ambalo hatutaliacha, juu linagusa vita zote mbili kwa namna moja. Tangu 2006 hivi, Wazungu wa EUSEC walisaidia kutenganisha njia ya pesa na njia ya amri: kamanda asishike tena mushahara wa watu wake. Walihesabu askari kwa alama za vidole, wakapata majina mengi bila watu. Ilikuwa kazi nzuri. Wazee wa Gécamines wanaielewa kuliko jenerali yeyote: posho ilikuwa inatolewa kwa jina na namba, mbele ya macho, na kapita hakuwa na ruhusa ya kuigusa. Lakini mushahara ni sehemu moja tu. Chakula cha mustari, mafuta ya gari, dawa, viatu, hivyo vingali vinapita mikononi mwa wakubwa, na njiani vinakonda. Droni moja ikipungua, vita inaendelea. Mufuko wa unga ukipungua siku tatu, askari wa mustari anarudi nyuma, na askari wa pori anaingia kwenye shamba la mutu.

Wadepite wetu wa Lualaba na Haut-Katanga wanapiga kura ya bajeti kila mwaka, na tunasoma majina yao wakati wa kampeni, si wakati ule. Safari hii tunawaomba waulize waziri wa ulinzi maswali matatu, kwa sauti, ndani ya kikao kikubwa, pahali redio inasikia. Askari wangapi leo wako kwenye milango ya migodi ya Katanga, na kwa amri ya nani? Ni brigade gani iko kati ya Fizi na Kalemie, na imekaa pamoja tangu lini? Na Mitwaba, Manono, Pweto, nani anabaki kule kama ile brigade inaomba musaada? Hatuombi siri za vita. Hesabu ya milango ya karieri haiko siri, tunaipita kila asubui tukienda kazini.